Garissa hadi Bandari za Pwani na Familia: Mahali Safari Hukwama na Jinsi ya Kujiandaa

Shule zikifungwa au Idd ikikaribia, familia nyingi za Kaunti ya Garissa hufunga safari ya pwani. Wengine wanakwenda kuwaona jamaa Mombasa, Malindi au Lamu, na wengine wanampeleka mgonjwa hospitali. Wapo pia wanaokwenda kumpokea mtu wao anayefika kwa meli, na wanaotaka tu watoto waione bahari. Kila msimu huwa na familia zinazokwama njiani: mama na watoto wanashushwa kwenye kizuizi kwa kukosa karatasi, wengine wanalala kando ya barabara kwa sababu maji yamefunika njia, na wengine wanafika usiku katika mji wasioujua.

Ukiuliza wazee waliozoea njia hii, watakwambia kwamba urefu wa safari hauwasumbui sana watu. Shida iko kwenye viungo vyake, yaani mahali unapovuka maji, unapokaguliwa, unapobadilisha gari au unapoacha gari na kupanda boti. Msafiri mmoja asiye na mzigo anaweza kukabili kiungo kibovu kwa kusubiri au kwa kutembea. Mama mwenye mtoto mgongoni, wawili mkononi na mifuko mitatu hawezi. Ndiyo sababu makala hii inafuata safari kiungo kwa kiungo, kutoka Garissa hadi bandari za Mombasa na Lamu, na kueleza la kufanya katika kila kimoja.

Bandari mbili, barabara moja hadi Minjila

Mkazi wa Garissa ana bandari mbili za kufikiria. Ya kwanza ni Mombasa, ambako bandari ya Kilindini hupokea meli za mizigo na pia meli za watalii wanaozunguka Bahari ya Hindi. Ya pili ni Lamu, iliyo karibu zaidi nasi kwenye ramani.

Njia ya kawaida ya kwenda bandari zote mbili ni moja mwanzoni. Unavuka daraja la mto Tana na kuingia Madogo, ambayo iko Kaunti ya Tana River. Kutoka hapo barabara moja inaelekea magharibi hadi Mwingi, Thika na Nairobi. Nyingine inashuka kusini, ikiuacha mto upande wa mashariki, na kupita Bura na Hola hadi Garsen. Karibu na Garsen kuna makutano ya Minjila, na hapo ndipo safari hugawanyika. Anayekwenda Mombasa anaendelea hadi Malindi, Kilifi na Mtwapa. Anayekwenda Lamu anaelekea mashariki, kupitia Gamba, Witu na Hindi hadi Mokowe.

Kutoka Garissa hadi Mombasa kwa njia hii ni zaidi ya kilomita 400, na kwa basi ni safari ya kutwa. Kutoka Malindi hadi Mombasa peke yake ni takriban kilomita 120, na sehemu hiyo huwa na magari mengi kuliko barabara nzima uliyotoka nayo. Usiihesabu kama mwendo wa mwisho mwepesi. Watoto huwa wamechoka, jua limekuwa kali, na foleni ya Mtwapa hadi Nyali huweza kula saa nzima au zaidi jioni.

Angalia pia jina la Bura, kwa sababu ziko mbili. Ipo Bura ya Tana River, yenye mradi wa kilimo cha umwagiliaji, ambayo iko kwenye njia hii ya pwani. Na ipo Bura Mashariki, ng'ambo ya mto, katika Fafi, Kaunti ya Garissa. Ukimtuma mtoto au mzee "hadi Bura" bila kueleza ni ipi, anaweza kujikuta upande usio wake wa mto.

Njia ya Nairobi na treni

Baadhi ya familia hupendelea kwenda Nairobi kwanza, kisha kupanda treni ya Madaraka Express hadi Mombasa. Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Kwa hesabu hiyo, safari inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya kupitia Hola. Lakini ina faida zake kwa mwenye watoto wadogo au mgonjwa: ndani ya treni kuna choo, watoto wanaweza kusimama na kutembea, na saa ya kuondoka inajulikana.

Ukiichagua, kumbuka mambo matatu. Kwanza, treni haianzi katikati ya Nairobi bali Syokimau, na haifiki katikati ya Mombasa bali Miritini, upande wa bara. Kwa hiyo utahitaji usafiri mwingine mwanzo na mwisho, na gharama yake iingie katika bajeti. Pili, tiketi hukatwa kabla ya siku ya safari, na wakati wa likizo hujaa mapema. Abiria huombwa kitambulisho, na mizigo hupitishwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo fika stesheni mapema. Tatu, usipange kushuka basi la Garissa na kupanda treni siku hiyo hiyo. Basi likichelewa, tiketi ya familia nzima imepotea. Lala usiku mmoja kwa jamaa Nairobi.

Jambo lingine husahauliwa na wengi. Njia ya Nairobi na njia ya Hola zote zinaanza kwa daraja lile lile na kupita Madogo. Mto Tana ukifunika barabara kati ya daraja na Madogo, kubadilisha njia hakutakusaidia.

Kiungo cha kwanza: daraja, Madogo na malaga

Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Mara nyingi maji yanayofunga barabara zetu huwa hayakunyesha Garissa. Yameteremka na Tana kutoka nyanda za juu karibu na Mlima Kenya na Aberdare, au kufurika baada ya mabwawa ya juu kujaa. Anga ya Garissa inaweza kuwa safi kabisa huku Madogo ikiwa chini ya maji.

Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yalikata barabara ya Garissa hadi Nairobi eneo la Madogo. Aprili 2024, basi la abiria lilizidiwa na maji kwenye barabara hiyo upande wa Tana River, na abiria wakaokolewa. Mwisho wa mwezi huo huo, boti iliyokuwa ikivusha watu kati ya Madogo na Garissa ilipinduka eneo la Kona Punda, na watu wakapoteza maisha. Waliopanda boti ile walikuwa watu wa kawaida waliotaka tu kufika ng'ambo, kwa sababu gari halikuweza kupita.

Barabara ya Hola nayo hukatwa na malaga. Laga ambayo jana ilikuwa mchanga mkavu inaweza leo kuwa mto wenye nguvu kwa saa chache, kisha ikakauka tena. Maji yanayofika magotini yakiwa na kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na maji yasiyozidi nusu ya gurudumu yanaweza kusukuma gari nje ya barabara.

Kwa hiyo, wakati wa mvua:

- Uliza hali ya barabara asubuhi ya safari, na uulize hali ya mto pia. Wenye mabasi, polisi wa Madogo na madereva waliotoka Hola usiku huo ndio wenye habari mpya. Idara ya Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari za mvua na mafuriko.
- Dereva akitaka kuvuka laga yenye maji yanayotembea, una haki ya kuomba kushuka na watoto wako. Usione haya. Subirini ng'ambo hii hadi maji yapungue.
- Barabara ikikatwa na ukalazimika kutumia boti, usipande boti isiyokuwa na majaketi ya kuokolea maisha ya kutosha, au iliyojaa kupita kiasi. Mtoto avae jaketi la kimo chake. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto juu ya kichwa akiingia majini.
- Kama safari si ya dharura, iahirishe. Jamaa wa Mombasa watangoja wiki moja zaidi.

Kiungo cha pili: vizuizi na karatasi za familia

Kutoka Garissa hadi pwani kuna vizuizi kadhaa vya polisi, na ukaguzi kwenye daraja la Tana unajulikana na kila mkazi. Familia inayobeba karatasi kamili hupita kwa dakika chache. Familia isiyokuwa nazo inaweza kuachwa na basi.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi cha kitaifa. Picha ya kitambulisho kwenye simu inaweza kukusaidia kujieleza, lakini usiitegemee. Kama kitambulisho kimepotea, andikisha taarifa polisi na uende Huduma Centre ya Garissa kuomba kingine kabla ya safari. Beba karatasi ya polisi na ile ya kusubiri.

Vijana waliotimiza miaka 18 wasikae bila kuandikishwa. Kwa miaka mingi wakazi wa kaunti za mpakani walipitia uchunguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho. Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini tangazo huko Wajir la kuondoa uchunguzi huo, ili mwombaji wa hapa afuate utaratibu ule ule wa kaunti nyingine. Kijana mwenye kitambulisho chake hahitaji mtu wa kumwombea kwenye kizuizi.

Kwa watoto, beba cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Hapa ndipo familia nyingi hulegea, kwa kudhani mtoto haulizwi. Kwa kawaida haulizwi akiwa na mama yake au baba yake. Lakini katika familia zetu watoto husafiri na shangazi, mjomba, nyanya au dada mkubwa, na hapo askari ana wajibu wa kuuliza. Usafirishaji haramu wa watoto upo, na swali lake linamlinda mtoto. Mlezi asiye mzazi abebe:

- barua fupi ya mzazi inayosema mtoto ni nani, anakwenda wapi, kwa nani na kwa muda gani, ikiwa na namba ya simu ya mzazi;
- nakala ya kitambulisho cha mzazi;
- barua ya chifu, hasa kama watoto ni zaidi ya mmoja au safari ni ya muda mrefu;
- kwa mwanafunzi, barua ya shule au kitambulisho cha shule.

Mkimbizi aliyeandikishwa Dadaab anahitaji kibali cha kusafiri kinachotolewa na idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, kabla ya kutoka kambini. Mkazi wa Garissa aliyealikwa harusi pamoja na jamaa zake wa Dadaab asiwapandishe basi bila kibali kwa matumaini kwamba wataeleweka njiani. Kibali kiombwe mapema, kitaje watoto wote wanaosafiri, na tarehe zake zitoshe kwenda na kurudi.

Kiungo cha tatu: ndani ya basi

Kata tiketi katika ofisi ya kampuni yenyewe na uchukue risiti. Uliza mambo haya kabla ya kulipa: mtoto atakaa kiti chake au atapakatwa? Nauli yake ni kiasi gani? Mzigo unalipiwa? Basi litasimama wapi kwa chakula, choo na swala? Mwisho wa safari ni steji gani? Makubaliano ya ofisini huzuia mabishano ya saa nane usiku na kondakta.

Kama uwezo upo, mlipie kiti mtoto aliyekwisha kuacha kunyonya. Mtoto aliyepakatwa hana mkanda, na gari likisimama ghafla mikono ya mama haiwezi kumshika. Kila mwenye kiti afunge mkanda. Magari ya abiria hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Dereva akizidi mwendo, abiria kadhaa wakisema kwa pamoja na kwa heshima husikilizwa zaidi kuliko mmoja anayepiga kelele.

Joto la njia hii ni la kweli, kwa kuwa kati ya Garissa na Garsen kivuli ni kichache. Beba maji ya kunywa ya kutosha kwa kila mtu, na mengine ya ziada endapo gari litaharibika. Beba pia pakiti chache za chumvi-sukari ya kuharisha. Chakula kikavu kama mahamri, tende, anjera au nyama kavu hustahimili joto. Maziwa ya ngamia yawekwe kwenye chombo safi kinachofungwa vizuri na yanywewe mapema. Dawa za mgonjwa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti. Anayetumia insulini aiweke mahali baridi, kwa mfano katika chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyotiwa maji baridi, dawa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Zipo sehemu kati ya Bura na Garsen ambako mtandao wa simu hupotea. Kabla ya kutoka, mwambie mtu mmoja nyumbani na mmoja unakokwenda jina la kampuni ya basi, saa ya kuondoka na saa unayotarajia kufika. Mtoto mwenye umri wa kusema afundishwe jina kamili la mzazi na namba moja ya simu. Mdogo zaidi aandikiwe namba hiyo kwenye karatasi ndani ya mfuko wa nguo yake.

Mtu akiugua njiani, hospitali kubwa ziko Hola, Malindi, Kilifi na Mombasa. Mjamzito aliyekaribia kujifungua azungumze na muuguzi wa kliniki yake kabla ya safari, na abebe kitabu chake cha kliniki.

Kiungo cha nne: Minjila

Minjila ni makutano tu, lakini ndiyo kiungo kinachoamua kama utalala kitandani au kando ya barabara. Anayekwenda Lamu kwa basi la Garissa–Mombasa atashuka hapa na kusubiri gari jingine. Barabara ya Minjila–Witu–Lamu sasa ina lami, na hiyo imepunguza sana saa za safari. Hata hivyo, eneo hilo limewahi kushambuliwa, na kwa miaka mingi magari yalisindikizwa na polisi. Sheria za saa za kusafiri na za kusindikizwa hubadilika kulingana na hali. Mafuriko nayo huikata: Novemba 2023 maji ya Tana yalifunika barabara eneo la Gamba, na magari ya Lamu yakasimama.

Kwa familia, kanuni ni rahisi. Panga kufika Minjila kabla ya adhuhuri. Ukifika jioni, usisubiri gari la kubahatisha. Tafuta malazi Garsen au endelea hadi Malindi, kisha safari ya Lamu uianze asubuhi. Uliza polisi wa hapo kama kuna utaratibu wowote siku hiyo.

Wengi huuliza kuhusu njia ya mkato: kutoka Garissa kupitia Bura Mashariki, Ijara na Bodhai hadi Hindi, bila kugusa Tana River. Njia hiyo imo katika mpango mkubwa wa LAPSSET wa kuunganisha Lamu na kaunti za ndani. Ikikamilika na kuwa salama, itaifanya Lamu kuwa bandari ya Garissa kwa maana kamili. Lakini sehemu zake zinapita kando ya msitu wa Boni, ambako usalama umekuwa mgumu kwa miaka mingi. Usiichukue na watoto kwa sababu tu ni fupi. Fuata ushauri wa polisi na wa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndogo ya kwenu.

Kiungo cha tano: kuingia Mombasa

Mombasa mjini ni kisiwa. Ukitoka Malindi unaingia kwa daraja la Nyali. Bandari ya Kilindini iko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo kushuka basi mjini si kufika bandarini. Kutoka steji, familia yenye mizigo itumie teksi au tuktuk, na bei isemwe kabla ya kupanda.

Kama unakwenda kumpokea mtu anayefika kwa meli, fahamu kwamba bandari imezungushiwa ua na ina ulinzi. Huwezi kuingia na watoto hadi mahali meli imefunga. Kubaliana na mgeni wako mapema juu ya mahali pa kukutana nje ya lango, mahali palipo na kivuli na choo. Meli za watalii hufuata ratiba, lakini saa ya meli kufunga bandarini siyo saa ya abiria kutoka. Kuna uhamiaji, kuna forodha, na wageni wengi hutoka kwa makundi. Usiwaweke watoto langoni tangu alfajiri. Afadhali mtu mzima mmoja aende kumpokea mgeni, na familia ingoje nyumbani kwa jamaa.

Anayemchukua mgeni kutoka melini na kumpeleka Garissa asimpandishe basi siku hiyo hiyo. Mgeni alale Mombasa. Kama ni raia wa nchi nyingine, abebe pasipoti yake mkononi, kwa sababu itatakiwa kwenye vizuizi vyote vya njia ya kurudi. Kama meli yake inaondoka tena na atarudi kuipanda, asiende Garissa kabisa. Meli haimsubiri abiria aliyekwama kwenye laga. Familia imfuate yeye Mombasa.

Wenye jamaa Likoni au Kwale hutumia feri. Wanaotembea kwa miguu hawalipi. Historia ya kivuko hiki inadai tahadhari: Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, na watu 272 wakafa. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, likazama na mama na mtoto wake. Mshike mtoto mkono tangu mteremko wa kuingia, msisimame kwenye ukingo wa mlango, na kama mmo ndani ya gari fuateni maelekezo ya wahudumu. Mwenye gari lake sasa anaweza kukwepa feri kwa kupita barabara ya Dongo Kundu.

Kiungo cha sita: Mokowe na kisiwa cha Lamu

Anayekwenda Lamu asichanganye Bandari ya Lamu na jeti ya Mokowe. Bandari mpya, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, iko Kililana na ni ya meli za mizigo. Familia haipandi boti hapo. Boti za abiria kwenda mji wa Lamu huondoka Mokowe, na ndipo gari linapoishia. Mwambie dereva "jeti ya Mokowe", usiseme "bandarini".

Kutoka Mokowe hadi mji wa Lamu ni mwendo mfupi wa boti, lakini hiki ndicho kiungo kigeni zaidi kwa mtoto wa Garissa. Fikeni mchana. Majira ya kusi, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, upepo huwa mkali na bahari huchafuka. Manahodha wenyeji wanajua saa za maji kujaa na kupwa, kwa hiyo wakisema subiri, subiri. Jaketi livaliwe kabla ya boti kuondoka, lisikaliwe kama mto. Watoto wakae katikati, mizigo isipangwe upande mmoja, na mtu asisimame boti ikiwa inatembea. Nahodha akipakia watu kuliko majaketi, shuka na usubiri boti nyingine. Tuliyoyaona Kona Punda yanaweza kutokea popote penye maji.

Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba na mizigo hubebwa na watu au punda, kwa hiyo mfuko wa kubebeka ni bora kuliko sanduku kubwa. Hospitali ya King Fahd iko kisiwani kwa mwenye kuhitaji matibabu.

Kurudi nyumbani

Familia nyingi hupanga kwenda na kusahau kurudi. Siku baada ya Idd na siku za kufungua shule, mabasi ya kurudi Garissa hujaa. Kata tiketi ya kurudi mapema, na uweke nauli hiyo kando usiiguse. Anayetoka kisiwani Lamu avuke asubuhi na mapema, ili afike Minjila basi la kutoka Mombasa likiwa bado halijapita. Na uulize tena habari za mto: barabara uliyopita ikiwa kavu wiki iliyopita inaweza kuwa imefungwa leo.

Kabla ya kufunga mlango wa nyumba

- Vitambulisho vya watu wazima, vyeti vya watoto na barua za walezi, vyote kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, ubebwe na mtu mmoja anayejulikana.
- Nakala za karatasi hizo zibaki kwa jamaa nyumbani.
- Maji, chakula kikavu, chumvi-sukari na dawa kwenye mkoba wa mkononi.
- Pesa zigawanywe: nyingine kwenye simu, nyingine taslimu kwa watu wawili tofauti.
- Jina na namba ya simu ya mwenyeji anayewapokea, ziandikwe kwenye karatasi pia.
- Mahali pa kulala pa dharura Garsen au Malindi, pawe pameulizwa kabla.

Namba za dharura ni 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na 116 kwa msaada wa watoto. Mtoto akipotea au ukimwona mtoto anayesafiri na mtu usiyemwelewa, piga 116.

Wazazi na walezi, anayejua kiungo kinachofuata hapati hofu ya kusubiri, kwa sababu anajua anasubiri nini. Tunawatakia safari njema na marejeo ya salama.